Barua ya wazi kwa wachapishaji: isahihisheni sura ya hati za uhuru kabla hamjaichapa tena

Kwa Mkurugenzi wa Uchapishaji, Mhariri Mkuu na jopo la waandishi wa kitabu cha ziada cha Historia na Uraia kwa shule za sekondari.

Ndugu,

YAH: MAKOSA KATIKA SURA YA HATI ZILIZOWEKA MIPAKA KWA WATAWALA

Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni walimu wa Historia na Uraia tunaokitumia kitabu chenu darasani. Jina la kitabu na la shirika hatulitaji, maana shabaha yetu ni kusahihishiwa kitabu, hatutaki kumharibia mtu biashara. Tuliwaandikia kwa njia ya kawaida tukajibiwa kwamba maoni yetu yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Kisha kitabu kikachapwa upya na makosa yale yale, na mengine yakahamia hadi kwenye maswali ya mazoezi. Ndiyo sababu leo tunaandika hadharani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Kiswahili cha kitabu ni kizuri, ramani zinasomeka, na bei yake mzazi wa kawaida anaimudu. Tunachokilalamikia ni sura moja, na ndani ya sura hiyo kasoro moja inayojirudia kila ukurasa. Kila hati imeelezwa kama tangazo la maneno matamu, basi, ikaachwa hapo. Mwanafunzi anatoka na mwaka na jina la mfalme. Hajui hati ilimbana mtawala kwa njia gani, nani alipewa kazi ya kumkagua, fedha zilishikwa na nani, na aliyeonewa alikwenda kubisha hodi wapi. Bila hayo hawezi kueleza kwa nini hati moja ilizimika baada ya wiki chache na nyingine ikadumu karne tatu.

Hoja zetu ni hizi.

1. Magna Carta ya 1215

Mmeandika kwamba Mfalme John "alitia saini Magna Carta na kuwapa Waingereza wote uhuru", na juu yake mmeweka mchoro wa mfalme ameshika kalamu. Sentensi ni moja, makosa ni matatu.

Kwanza, hakutia saini. Hati za kifalme za karne ya 13 zilithibitishwa kwa muhuri wa nta, na kazi hiyo ilifanywa na maofisa wa mfalme. Makubaliano yalifikiwa Runnymede, uwanda ulio kando ya mto Thames, na hati ina tarehe ya 15 Juni 1215. Baada ya hapo makarani waliandika nakala kadhaa kwa Kilatini kwenye ngozi na kuzisambaza. Nakala 4 za mwaka ule zimesalia: mbili ziko British Library mjini London, moja ni ya kanisa kuu la Lincoln na nyingine ya kanisa kuu la Salisbury. Kwa hiyo hata maelezo yenu chini ya picha, kwamba "hati halisi" imehifadhiwa London, yanapotosha. Hakuna nakala moja iliyo mama wa nyingine zote.

Pili, haikuwahusu wote. Kifungu cha 39, ambacho mmekinukuu nusu, kinasema mtu huru asikamatwe, asifungwe, asinyang'anywe mali wala kufukuzwa nchini ila kwa hukumu halali ya watu wa hadhi yake au kwa sheria ya nchi. Nusu mliyoikata ndiyo yenye neno "huru". Sehemu kubwa ya wakulima wa Uingereza wakati ule walikuwa wamefungwa kwenye ardhi ya mabwana zao, na kifungu hakikuwafikia. Kifungu cha 54 nacho kinakataza mtu kukamatwa kwa mashitaka ya mauaji yaliyoletwa na mwanamke, isipokuwa aliyeuawa awe mumewe. Mwanafunzi wa kike ana haki ya kukisoma kifungu hicho pia.

Vifungu vingi vya hati hii havina utukufu wowote. Cha 33 kinaamuru mitego ya samaki iondolewe kwenye mito Thames na Medway, na cha 35 kinataka kipimo kimoja cha mvinyo, bia na nafaka nchi nzima. Msiviache kwa kuona ni vidogo. Ndivyo vinavyoonyesha kwamba hii ilikuwa orodha ya malalamiko ya watu waliochoshwa na tozo, mirathi iliyolipiwa kwa bei ya kukomoa na mahakama za upendeleo. Falsafa ya uhuru ilikuja kusomwa ndani yake karne nyingi baadaye.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, hamkutaja kifungu cha 61. Hicho ndicho kilichokuwa mtambo wa hati nzima. Mabaroni 25, yaani makabaila wakubwa wenye ardhi, walichaguliwa kuwa walinzi wake. Mfalme au ofisa wake akivunja hati, wanne kati yao wanampelekea mfalme malalamiko. Asiporekebisha ndani ya siku 40, wote 25, pamoja na watu wa nchi nzima, wanaruhusiwa kuteka ngome, ardhi na mali zake mpaka alipe fidia, ila wasimguse yeye mwenyewe, malkia wala watoto wao. Akishalipa, wanarudi kumtii kama zamani.

Someni tena utaratibu huo muone ulipovunjika. Hakuna mwamuzi wa kati. Mlalamikaji ndiye hakimu, na ndiye askari. Adhabu pekee ni vita. John aliomba msaada Roma, na tarehe 24 Agosti 1215 Papa Innocent wa Tatu akaitangaza hati kuwa batili, akitoa sababu kwamba mfalme alilazimishwa. Vita vikaanza, na mabaroni wakamwita Louis, mtoto wa mfalme wa Ufaransa, aje kutawala. Katika sura yenu hati hii "ilidumu hadi leo". Kwa kweli haikumaliza miezi mitatu.

Iliokolewa na kifo. John alifariki Oktoba 1216, mrithi wake Henry wa Tatu akiwa na umri wa miaka 9. Walezi wa mtoto huyo, wakiongozwa na William Marshal, waliitoa hati upya Novemba 1216 ili kuwavuta mabaroni waliokuwa upande wa Mfaransa. Wakaondoa kifungu cha 61, wakaondoa na cha 12 kilichokataza tozo fulani bila ridhaa ya baraza la nchi. Mwaka 1217 ilitolewa tena, na Hati ya Misitu ikatenganishwa nayo. Toleo la 1225 ndilo linalostahili aya ndefu kuliko ya Runnymede: Henry, sasa kijana, alihitaji fedha, akaitoa hati kwa kubadilishana na kodi ya sehemu moja ya 15 ya mali zinazohamishika. Hapo ndipo desturi ilipoota mizizi. Ukitaka kodi, sikiliza malalamiko kwanza.

Jambo la kiufundi linalowasumbua wanafunzi wanaotafuta zaidi: toleo lililoingizwa kwenye sheria za Uingereza ni la 1297, na huko vifungu vya 39 na 40 vimeunganishwa kuwa kifungu cha 29. Kitabu chenu kinatumia namba 39 ukurasa mmoja na 29 ukurasa unaofuata, bila maelezo. Mwanafunzi anadhani moja ni kosa la chapa.

2. Mmeruka kutoka 1215 hadi 1776

Katikati hapo kuna miaka 561, nanyi mmeipa sentensi moja: "Baadaye Bunge la Uingereza lilipata nguvu." Kwa maoni yetu hapa ndipo penye kiini cha somo lote.

Anzeni na 1627. Mfalme Charles wa Kwanza alikosa fedha za vita akawalazimisha matajiri wamkopeshe. Waliokataa walifungwa. Watano wao, wote wenye cheo cha naiti, wakaenda mahakamani kudai waelezwe kosa lao. Jibu la upande wa mfalme lilikuwa kwamba wameshikiliwa kwa amri maalumu ya mfalme. Mahakama haikuwaachia. Kifungu cha 39 kilikuwepo miaka 400, na hakikuwafaa kitu.

Bunge lilijibu kwa Ombi la Haki la 1628, lenye mambo manne: hakuna kodi wala mkopo wa lazima bila ridhaa ya Bunge, hakuna kumfunga mtu bila kutaja sababu, hakuna kulaza askari katika nyumba za raia kwa nguvu, hakuna sheria ya kijeshi wakati wa amani. Mfalme alilikubali tarehe 7 Juni 1628. Machi 1629 alilivunja Bunge, akatawala miaka 11 bila kuliita, akikusanya "fedha za meli", tozo ya kugharimia meli za vita, hata kwa watu wa mikoa isiyo na pwani.

Mwalimu akiuliza darasani kwa nini Ombi lilishindwa, kitabu kiwe na jibu: halikuwa na kalenda. Halikumlazimisha mfalme kuliita Bunge siku yoyote, na anayeshika ufunguo wa mlango wa Bunge ndiye anayeamua kama malalamiko yatasikika. Charles aliliita mwaka 1640 tu, baada ya vita na Waskoti kummalizia hazina.

Sheria ya Habeas Corpus ya 1679, yaani ya kumtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji, hamkuitaja kabisa. Tunawaomba muipe ukurasa mzima, kwa kuwa haina hata sentensi moja ya kupendeza na bado ilifanya kazi. Inashika saa na fedha. Mlinzi wa gereza akipokea hati ya mahakama, amlete mfungwa mbele ya jaji na kueleza sababu ya kumshikilia ndani ya siku 3 ikiwa umbali hauzidi maili 20. Siku 10 ikiwa ni zaidi ya hapo hadi maili 100. Siku 20 kwa umbali unaozidi. Akikaidi, anamlipa mfungwa pauni 100. Akirudia, pauni 200 na kazi imekwisha. Jaji anayekataa kutoa hati wakati wa likizo ya mahakama anatozwa pauni 500. Ikapigwa marufuku pia kumsafirisha mfungwa nje ya nchi ili asifikiwe na mahakama. Mbinu zote hizo zilikuwa zimetumika, na sheria iliziba tundu moja moja. Mlipaji ni yule mwenye funguo mkononi, kwa hiyo hawezi kujificha nyuma ya amri kutoka juu.

Kisha Sheria ya Haki ya 1689. Tarehe zake mmezikosea kwa sababu inayoeleweka, lakini irekebishwe. Tamko lilisomwa mbele ya William na Mary, waliokuwa wakipewa ufalme, tarehe 13 Februari 1689 na likawa sheria tarehe 16 Desemba 1689. Wakati ule mwaka mpya wa Kiingereza ulianza 25 Machi, hivyo Februari ile iliandikwa 1688 katika kumbukumbu zao, na mpaka leo orodha rasmi ya sheria za Uingereza inaiweka chini ya 1688. Sentensi moja inatosha kumaliza utata huo.

Yaliyomo yaandikwe kwa ukamilifu: mfalme hawezi kusimamisha sheria bila Bunge, hawezi kutoza kodi bila Bunge, hawezi kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila Bunge, raia ana haki ya kumpelekea mfalme malalamiko bila kushitakiwa, uchaguzi wa wabunge uwe huru, mbunge asihojiwe mahakamani kwa aliyoyasema bungeni, dhamana isiwe ya kupita kiasi. Na upande wake wa giza pia: Mkatoliki alizuiwa kuwa mfalme, na ruhusa ya kumiliki silaha walipewa Waprotestanti tu.

Kwa nini hii ilisimama na ya 1628 ikaanguka? Kwa sababu iliwekewa nguzo pembeni. Sheria ya Uasi Jeshini ya 1689, iliyomwezesha mfalme kuwaadhibu askari watoro na waasi, ilipitishwa kwa muda mfupi tu, ikawa inahuishwa tena na tena, kwa kawaida kila mwaka. Bunge lisipokutana, nidhamu ya jeshi inakosa msingi wa kisheria. Sheria ya 1694 ikataka uchaguzi angalau kila baada ya miaka 3. Sheria ya Urithi wa Ufalme ya 1701 ikasema jaji ashike kazi maadamu ana mwenendo mwema, asifukuzwe kwa hasira za mfalme. Kalenda, fedha na jaji asiyeondoleka kirahisi: hivyo vitatu ndivyo alivyovikosa Charles.

3. Marekani: mmechanganya hati tatu kuwa moja

"Katiba ya Marekani ya 1776" haikuwahi kuwepo. Mwaka 1776 kulikuwa na Tamko la Uhuru. Bunge la Makoloni lilipiga kura ya kujitenga na Uingereza tarehe 2 Julai, likapitisha maneno ya Tamko tarehe 4 Julai, na wajumbe wengi wakatia saini tarehe 2 Agosti. Saini zilifika 56. Nanyi mmewaonyesha wote wakitia saini kwa pamoja tarehe 4 Julai.

Mmenukuu aya ya pili ya Tamko, ile ya watu kuumbwa sawa, mkaishia hapo. Sehemu ndefu zaidi ya Tamko ni orodha ya mashitaka dhidi ya Mfalme George wa Tatu: kuvunja mabaraza, kuwafanya majaji wategemee utashi wake kwa ajira na mshahara, kuweka majeshi wakati wa amani bila ridhaa, kutoza kodi bila ridhaa. Mwanafunzi aliyeisoma 1689 ataitambua orodha hiyo mara moja. Asiyeisoma ataona kama imedondoka kutoka mawinguni. Waeleze pia kwamba rasimu ya Thomas Jefferson ilikuwa na aya iliyomshambulia mfalme kwa biashara ya watumwa, nayo ikafutwa kabla ya kupitishwa.

Hati ya pili, Mkataba wa Shirikisho, mmeiruka yote. Ulianza kutumika tarehe 1 Machi 1781, na ni mfano bora darasani wa mipaka iliyokazwa hadi serikali ikashindwa kupumua. Serikali ya pamoja haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Ilituma maombi kwa majimbo, na majimbo yalilipa yakipenda. Kuurekebisha mkataba kulihitaji majimbo yote 13. Lilipokuja pendekezo la ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa kutoka nje, Rhode Island peke yake ililikataa mwaka 1782 na mpango ukakwama. Somo la serikali yenye mipaka halijakamilika bila hati hii.

Ya tatu ni Katiba yenyewe: wajumbe 55 walihudhuria mkutano wa Philadelphia, 39 wakatia saini tarehe 17 Septemba 1787. Ilihitaji majimbo 9, na la tisa, New Hampshire, liliridhia tarehe 21 Juni 1788. Elekezeni jicho la mwanafunzi kwenye ibara ya kwanza, inayokataza fedha za jeshi la nchi kavu kuidhinishwa kwa zaidi ya miaka 2. Huo ni mtambo wa 1689 umevushwa bahari.

Mmeandika kwamba Katiba hiyo "ililinda haki za wote". Ilihesabu watumwa kwa theluthi tatu... tunanukuu chapa yenu. Ni tatu ya tano, si theluthi, katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi. Ilizuia biashara ya kuingiza watumwa isipigwe marufuku kabla ya 1808, na iliamuru mtumwa aliyetoroka arudishwe. Sura ya haki haikuwemo. Marekebisho 12 yalipelekwa kwa majimbo mwaka 1789, 10 yakapita tarehe 15 Desemba 1791. Moja kati ya mawili yaliyobaki liliridhiwa mwaka 1992. Na haki hizo 10 ziliibana serikali kuu tu. Mahakama Kuu Kabisa ilitamka hivyo waziwazi mwaka 1833, na mlango wa kuzielekeza kwa majimbo ulifunguliwa na Marekebisho ya 14 ya 1868.

4. Ufaransa na Haiti

Hapa tuseme kwa ufupi. Tamko la Ufaransa la 26 Agosti 1789 lina ibara 17, mmeandika 30. 30 ni za Tamko la Umoja wa Mataifa la 1948. Wekeni ibara ya 16, isemayo kwamba jamii ambayo haki hazina dhamana wala mamlaka hayajatenganishwa haina katiba. Na msiimalize Ufaransa bila Haiti. Utumwa katika makoloni ya Ufaransa ulifutwa 1794, Napoleon akaurudisha 1802, na watu wa Saint-Domingue (ndiyo Haiti ya baadaye), wengi wao waliokuwa watumwa, wakatangaza uhuru wao tarehe 1 Januari 1804. Katiba yao ya 1805 ilifuta utumwa milele. Kitabu cha Afrika kinachozungumzia kujitawala bila kuitaja Haiti kina pengo lisiloelezeka.

5. Kwetu

Sura yenu inatoka Paris inaruka hadi Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1961, kana kwamba hapakuwa na karatasi yoyote katikati. Ilikuwepo, na Tanganyika iliitumia vizuri.

Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa kwa mkataba ulioidhinishwa Desemba 1946. Ibara ya 76 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa ilitaja lengo la udhamini kuwa ni kuwaelekeza wenyeji kwenye kujitawala au uhuru. Hayo ni maneno. Mtambo uko ibara ya 87: Baraza la Udhamini linapokea taarifa za mtawala, linapokea malalamiko ya wenyeji, na linatuma ujumbe kukagua. Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kuwasemea. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini Uingereza ililazimika kujieleza mbele ya mataifa. Ujumbe wa ukaguzi wa 1954 ukapendekeza muda wa kufikia uhuru, na Machi 1955 Julius Nyerere akasimama mbele ya Baraza hilo kwa niaba ya TANU.

Linganisheni sasa na majirani. Ruanda-Urundi nayo ilikuwa nchi ya udhamini, chini ya Ubelgiji. Kenya ilikuwa koloni, Congo koloni, Zanzibar himaya ya Uingereza. Katika hizo tatu za mwisho mlango wa Baraza la Udhamini haukuwepo. Ramani ya Afrika Mashariki na Kati ya 1950 yenye rangi tofauti kwa kila hadhi ya kisheria ingemfaa mwanafunzi kuliko mchoro wa John na kalamu yake.

Na baada ya uhuru? Mmeandika kwamba Tanganyika "ilirithi haki zote zilizomo katika hati hizi". Hapana. Katiba ya uhuru ya 1961 haikuwa na sura ya haki, viongozi waliikataa. Mwaka 1962 ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Sura ya haki iliingizwa kwenye Katiba ya Muungano mwaka 1984, na ikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Hata hapo kulikuwa na kizingiti cha kuomba kibali cha Serikali kabla ya kuishitaki, mpaka Mahakama ya Rufani ilipokibatilisha mwaka 1993. Kenya nayo ilianza 1963 ikiwa na sura ya haki, na bado mabadiliko ya 1966 yakarahisisha watu kuwekwa kizuizini bila kesi. Katiba yake ya 2010 imejibu kwa mtindo ule ule wa 1679: ibara ya 49 inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ukitoa siku ambazo mahakama haikai, na ibara ya 25 inaiweka habeas corpus kati ya haki zisizopunguzwa.

6. Maswali ya mazoezi

Yote 15 ni ya "taja" na "orodhesha". Tunapendekeza yapunguzwe hadi 6, na liwemo swali la aina hii: "Mfalme wa 1628, wa 1689, na mkuu wa gereza wa 1680 wote wamemfunga mtu bila kosa. Kwa kila mmoja, eleza mlalamikaji aende wapi, nani atamsikiliza, na mkosaji atapoteza nini." Swali hilo halijibiki kwa kukariri.

Tunajua mtakayotujibu, kwa hiyo tuyapitie. Mtasema mtihani unauliza tarehe. Tarehe zenyewe ndizo mlizokosea. Mtasema nafasi haitoshi. Ondoeni michoro miwili, ya Runnymede na ya Philadelphia, yote ina makosa, mpate ukurasa mzima na zaidi. Mtasema hii ni historia ya Wazungu na kijana wa Kiafrika haihitaji kuichimba. Lakini sura mmeiandika nyinyi, na sheria za dhamana, kukamatwa na bajeti anazoishi nazo kijana huyo zilipitia njia hiyo hiyo. Mtasema vitabu vimeshachapwa na viko madukani. Hilo ni kweli, na ndiyo maana ombi letu la kwanza ni la gharama ndogo.

Tunaomba:

(a) Karatasi moja ya masahihisho, kurasa mbili, iwekwe ndani ya kila kitabu kilichobaki ghalani na itumwe kwa wasambazaji na shule zilizokwisha kununua. Rasimu yake tumeiambatanisha, kila kosa na ukurasa wake.

(b) Toleo lijalo lisichapwe kabla sura hii haijaandikwa upya kwa mpangilio wa maswali matatu kwa kila hati: nani anamkagua mtawala, nani ameshika fedha, aliyeonewa anakwenda wapi.

(c) Kiambatisho cha tafsiri ya vifungu vyenyewe, visivyokatwa: 39, 40 na 61 vya 1215, Ombi la 1628, siku na faini za 1679, madai ya 1689, ibara ya 16 ya 1789, ibara za 76 na 87 za Mkataba wa Umoja wa Mataifa.

(d) Rasimu mpya isomwe na mtu wa historia na mtu wa sheria, na majina yao yachapwe ukurasa wa haki za uchapishaji, ili tujue wa kumuuliza.

(e) Jibu la maandishi kabla ya muhula ujao kufunguliwa, likisema lipi mmekubali, lipi mmekataa na kwa sababu gani. Tulipokosea sisi, tuonyesheni kwa kifungu na mwaka, nasi tutaifuta hoja hiyo hadharani kama tulivyoiandika.

Mpaka jibu hilo lifike, tutaendelea kukitumia kitabu pamoja na karatasi yetu ya masahihisho, na tumewaruhusu walimu wengine wainakili bila malipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa Historia na Uraia

Kiambatisho: Rasimu ya karatasi ya masahihisho (kurasa 2)